Aliye Juu Atashuka

Mimi nazungumza nawe kutoka Kinanira, kusini mwa Bujumbura, na mada ya leo ni michezo. Najua neno michezo likitajwa redioni, sikio lako linangoja mpira. Leo mpira tuuache upumzike. Tuzungumze baiskeli.

Mwaka 1964, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wanaume wawili walikutana katika nusu fainali ya mbio fupi za baiskeli uwanjani. Mmoja alikuwa Mwitalia, Giovanni Pettenella. Mwingine Mfaransa, Pierre Trentin. Watu walikuwa wamekaa vitini wakingoja kuona kasi. Wale mabwana wakasimama! Hawakushuka, hawakuanguka, hawakutia mguu chini. Walisimama tuli juu ya baiskeli zao, huyu akimtazama huyu, kwa dakika 21 na sekunde 57. Ni muda wa kutosha kusoma taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho, na salamu za wasikilizaji juu yake.

Utauliza: mbio gani hizo ambazo watu wanashindana kusimama? Ndizo hizo hizo ambazo leo zinatoa waendesha baiskeli wenye kasi kuliko wote duniani. Nataka tuelewe kwa nini, kwa sababu tukishaelewa tutaona kwamba jambo hili linatuhusu sisi tunaoishi chini ya milima hii kuliko tunavyodhani.

Uwanja wa mbio hizi unaitwa velodromu. Ni njia ya mviringo, na kwa viwanja vya siku hizi mzunguko mmoja ni mita 250. Kwenye kona, njia imeinuliwa upande wa nje kama ukuta, mwinamo wa nyuzi 40 na zaidi, kiasi kwamba ukipita polepole mno unateleza na kuanguka. Baiskeli zenyewe hazina breki. Hazina gia za kubadilisha. Pedali na gurudumu la nyuma vimefungwa pamoja: gurudumu likizunguka, miguu nayo inazunguka, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo, unalizuia gurudumu kwa mapaja yako.

Kwanza kila mshindani hupita peke yake. Anajizungusha, anapanda juu kabisa ya kona, kisha anajitupa chini, na saa inampima mita 200 za mwisho. Hapo ndipo hupangwa nani akutane na nani. Baada ya hapo saa haina kazi tena. Wanaingia wawili wawili, mizunguko mitatu, na anayetangulia kuvuka mstari ndiye mshindi hata kama ametumia muda wa mtu anayekwenda sokoni. Kuanzia robo fainali, anayesonga mbele ni anayeshinda mara mbili kati ya tatu.

Sasa, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni upepo. Kadiri unavyoongeza kasi, ndivyo hewa inavyokuwa nzito mbele yako, na karibu nguvu zako zote zinakwenda katika kuipasua. Aliye nyuma yako, akikaa karibu kabisa na gurudumu lako, amefunguliwa njia. Anaweza kuokoa hadi theluthi ya nguvu zake huku mkienda kasi ile ile. Ikifika mita 200 za mwisho, wewe umechoka, yeye bado mzima. Anatoka mgongoni mwako na kukupita. Kwa hiyo hakuna anayetaka kutangulia. Wanakuwa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Tafadhali, pita wewe kwanza," na kila mmoja ana nia mbaya.

Ndiyo maana Pettenella na Trentin walisimama. Kila mmoja alitaka mwenzake ashindwe kuvumilia, atangulie. Aliyefika fainali ni Pettenella, na akatwaa dhahabu. London mwaka 1908 mambo yalikuwa mabaya zaidi: wanafainali walijivuta mno wakiviziana hata wakapita muda uliowekwa, waamuzi wakaifuta fainali, na dhahabu ya mwaka ule haikutolewa kwa mtu yeyote. Siku hizi kanuni zinazuia kusimama bila mwisho. Unaruhusiwa kidogo tu, sekunde chache, kisha mwamuzi anakuamuru uendelee.

Wahenga wetu walisema aliye juu mngoje chini. Walimaanisha umvumilie mkubwa, iko siku atashuka. Kwenye velodromu methali hii inageuka onyo. Anayepanda juu ya kona na kukaa huko, akimtazama mwenzake aliye chini, ameweka akiba. Mteremko ule ni mali yake. Akiamua kushuka, kona yenyewe inampa kasi ambayo aliye chini lazima ailipe kwa misuli. Aliye juu atashuka, ndiyo, lakini atashuka na wewe ukiwa umechelewa. Kwa hiyo aliye chini hana haki ya kufumba jicho. Utawaona wanakwenda shingo imegeuka, wakiangalia nyuma kuliko mbele.

Tuje karibu na siku zetu. Agosti 2024, Michezo ya Olimpiki ya Paris, velodromu ya Saint-Quentin-en-Yvelines. Mwezi huo saa ya Paris na saa ya Bujumbura ni moja, kwa hiyo aliyekuwa na umeme na televisheni aliweza kufuatilia bila kukesha. Katika kupimwa saa, Mwaustralia Matthew Richardson alipita mita 200 kwa sekunde 9.091, rekodi ya dunia. Hakukaa nayo. Muda mfupi baadaye Mholanzi Harrie Lavreysen akapita kwa sekunde 9.088. Hiyo ni kasi ya kilomita 79 kwa saa, kwa miguu ya binadamu, bila tone la petroli. Wawili hao wakakutana fainali, na Lavreysen akashinda mbili kwa bila. Mskochi Jack Carlin, aliyevaa jezi ya Uingereza, alichukua shaba. Lavreysen aliondoka Paris na dhahabu tatu. Mwaka uliofuata, Agosti 2025, Richardson akiwa sasa anaichezea Uingereza alikwenda Konya, Uturuki, akapita mita zile zile kwa sekunde 8.857. Mpaka wa kilomita 80 kwa saa ukawa umevunjwa.

Lakini hawa si watu wa kwanza kutikisa mchezo huu. Kuna mmoja ambaye kila mtoto mweusi anayepanda baiskeli angepaswa kumjua. Anaitwa Marshall Taylor, watu walimwita Major. Alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1878. Jina la Major, yaani meja, alilipata utotoni: duka moja la baiskeli lilimlipa afanye vituko vya baiskeli mbele ya mlango ili wateja wasimame, naye alikuwa akivaa sare za kijeshi. Kijana aliyeanza kama kivutio cha dukani alikwenda Montreal, Canada, Agosti 1899, akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli. Mwaka 1899, ndugu msikilizaji! Nchi zetu zilikuwa ndiyo kwanza zinaingizwa chini ya ukoloni.

Hakupewa ubingwa ule kwa kupendwa. Viwanja vya kusini mwa Marekani vilimfungia milango kwa sababu ya rangi yake. Waliokimbia naye walipanga njama za kumzingira ili asipate pa kutokea. Mwaka 1897, huko Taunton katika jimbo la Massachusetts, mpinzani aliyemaliza nyuma yake alimvamia na kumkaba koo hadi akazimia. Mtu wa namna hiyo alijifunza kusoma mbio kwa macho ya kisogoni. Alipofika Ulaya mwaka 1901 watu walijaza viwanja kumwona, na bado alikataa kukimbia siku ya Jumapili kwa sababu ya imani yake. Alifariki Chicago mwaka 1932, maskini, akazikwa kaburi la watu wasio na kitu. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani ndio waliofanya mpango akahamishiwa mahali pa heshima.

Nimekusimulia habari zake kwa sababu moja. Taylor hakuzaliwa kwenye velodromu. Aliokotwa barabarani, akiwa na ufundi ambao mtaa ulimfundisha, na mtu akaona ufundi ule una thamani. Sasa turudi nyumbani.

Sisi wa Kinanira tuna Musaga na Kinindo kama majirani, ziwa liko upande mmoja na milima upande mwingine. Kupitia Musaga inapita barabara ya taifa namba 7, ile inayopanda kwenda Ijenda. Kaskazini mwa jiji kuna barabara ya taifa namba 1, inayopanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Kwenye barabara hizi vijana wanashusha mizigo kwa baiskeli: ndizi, makaa, viazi, vyote vinavyolisha jiji. Umewaona. Mikungu imefungwa pande zote mbili hadi kijana mwenyewe hupati kumwona sawasawa, na kona ziko mbele yake moja baada ya nyingine.

Tazama wanavyoshuka. Anayejua kazi yake haparamii kona. Anaisoma kabla hajaifikia, anachagua upande, anajua lini auachie mwili na lini auzuie. Anajua kukaa nyuma ya mwenzake na kwa nini. Hakuna aliyempa somo la hewa na mwinamo, lakini somo analo mwilini. Kisha tazama wanavyopanda: wanashika nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani, na lori linawavuta hadi juu. Tumewahi kucheka, tumewahi kupiga picha, wageni wanapiga picha zaidi. Na tumewahi kuzika. Lori likifunga breki ghafla, likipasuka tairi, likikosea kona, hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi wala mchezo wa marudiano.

Sisifu jambo hilo, na mzazi yeyote asinielewe vibaya. Kushika lori ni kucheza na kaburi. Ninachosema ni kwamba tunao vijana ambao tayari wanalipa ada kubwa mno kwa elimu ambayo hatuwapi cheti chake.

Mjini nako njia imebana. Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria kuingia sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura, kwa hoja ya ajali na usalama barabarani. Ajali zilikuwepo, hilo hakuna wa kulikana. Lakini watu wa taksi-velo, yaani baiskeli za kubeba abiria, ni maelfu, na kila mmoja ana nyumba inayomtegemea. Kisha uhaba wa mafuta ukazidi, foleni za petroli zikawa maisha yetu, na baiskeli ile ile tuliyoisukuma pembeni ikaonekana tena ina maana. Nchi inayokosa mafuta haiwezi kuendelea kuiona baiskeli kama aibu ya maskini.

Sasa najua kuna msikilizaji anasema: mzee, maneno yako mazuri, lakini velodromu ni mali ya matajiri. Mbao za Ulaya, paa kubwa, taa, mamilioni. Sisi tunatafuta maji na umeme, wewe unatuletea ukumbi wa baiskeli?

Hoja hiyo inastahili jibu, na jibu limo kwenye historia ya mchezo wenyewe. Olimpiki ya kwanza ya enzi hizi, Athens 1896, mbio za baiskeli zilifanyika kwenye uwanja wa wazi wa saruji, mzunguko wa mita 333. Los Angeles 1984, Wamarekani, matajiri wa dunia, walikimbia kwenye saruji, chini ya jua, mita 333 vilevile. Ukumbi wenye paa na mbao za mita 250 umekuwa desturi ya Olimpiki kuanzia Sydney 2000 tu. Maana yake sehemu kubwa ya mabingwa wa karne ya ishirini, mashujaa waliojaa kwenye vitabu, walikimbia nje, kwenye vitu ambavyo fundi wetu wa saruji anaweza kuvielewa. Anayesema hatuwezi kuanza bila ukumbi wa Paris anatuwekea sharti ambalo Paris yenyewe haikuwekewa ilipoanza.

Afrika, viwanja vya kiwango cha kimataifa vinahesabika. Cairo wanacho, na mwaka 2023 kilipokea mashindano ya Kombe la Mataifa la velodromu. Abuja walijenga kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 2003. Afrika Kusini wanavyo. Lakini hata kuwa na uwanja hakutoshi. Kwenye Paris hiyo hiyo ya 2024, dada mmoja wa Nigeria, Ese Ukpeseraye, alipewa nafasi ya kushiriki mbio za uwanjani dakika za mwisho, na hakuwa na baiskeli ya velodromu. Akaazima kwa timu ya Ujerumani. Akapanda baiskeli ambayo haikupimwa kwa mwili wake, mbele ya dunia nzima, akaiwakilisha nchi yake. Mimi namvulia kofia yeye. Waliomfikisha pale mikono mitupu siwavulii kitu.

Na tusidhani njia haipo. Tazama Eritrea. Biniam Girmay, kijana wa Asmara, alilelewa kwenye mbio za barabarani, akapita kwenye kituo cha dunia cha baiskeli kilichoko Aigle, Uswisi. Julai 2024, mjini Turin, alishinda hatua ya Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na hakuishia hapo: alishinda hatua tatu na kurudi na jezi ya kijani, ile ya wenye kasi ya kumalizia. Siri ya kumalizia ni ile ile ya Pettenella. Unakaa mgongoni mwa mtu, unavumilia, unatoka wakati ambao yeye hana tena cha kujibu. Jirani zetu wa Rwanda nao walianza na vijana wa kubeba mizigo na abiria, wakawa na timu, wakawa na mashindano ya kila mwaka, na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara hili.

Sisi Warundi tunajua mbio za subira kuliko tunavyojisifu. Mwaka 1996 ndiyo kwanza tulikuwa tunashiriki Olimpiki. Vénuste Niyongabo, mtu wa mita 1,500, aliingia mita 5,000 ambazo alikuwa amezikimbia mara chache sana maishani mwake. Akakaa ndani ya kundi, akawaacha wengine wapasue upepo, na mwishoni akachomoka. Mkenya Paul Bitok alimfukuza hadi mstarini na hakumpata. Dhahabu, kwenye Olimpiki yetu ya kwanza. Kichwa kile kile ndicho kinachotakiwa kwenye baiskeli.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, nifunge kwa maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mbao za Ulaya.

La kwanza ni kwa viongozi wa mitaa yetu. Mwisho wa wiki, asubuhi, watu wa Bujumbura wanakimbia na kufanya mazoezi, ni desturi yetu. Tengeni kipande kimoja cha lami kilichonyooka na tambarare, kifungwe kwa saa mbili. Kipimwe mita 200 kwa futi ya fundi, iachwe nafasi ndefu ya kusimamia, pawepo kofia ngumu, mtu wa huduma ya kwanza na saa ya kupimia. Waiteni vijana wa taksi-velo na wa mizigo, na wasichana pia. Andikeni majina na muda wa kila mmoja. Daftari hilo ndilo mwanzo wa timu ya taifa.

La pili ni kwa wenye dhamana ya michezo nchini. Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangiwa Dakar, kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, ya kwanza ya Olimpiki kwenye ardhi ya Afrika. Los Angeles inafuata 2028. Vijana hawatafutwi mwezi mmoja kabla ya safari. Na mkishawapata, wapeni baiskeli zao, zilizopimwa kwa miili yao, ili mtoto wetu asije akaazima.

La tatu ni kwenu vijana wenyewe mnaonisikiliza mkiwa na redio kwenye simu mfukoni. Liacheni lori lipite. Nguvu hizo na akili hizo zina kazi nyingine, na maiti hapati medali.

Mimi naishia hapo. Barabarani tuangaliane.